Mshahara wa Kwanza wa Watoto Wetu wa Sanaa na Habari

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi. Yanatolewa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku hiyo.)



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja wa karakana alisimama akauliza swali ambalo halikuwamo katika ajenda. Alisema hivi: "Binti yangu amemaliza Chuo Kikuu. Amesomea usimamizi wa sanaa na habari. Anatoka nyumbani alfajiri, anarudi usiku. Basi mbona mpaka leo namlipia nauli?" Watu wengi walicheka. Yeye hakucheka. Kamati ikatuchagua sisi watatu tulichunguze jambo hilo, na leo tunaleta jibu.

Sisi tuliotumwa si wasomi. Shule yetu ni ile ya msingi ya misheni, na mengine yote tumejifunza relini kwa mikono. Lakini jambo la mshahara twalijua. Mtu aliyewahi kungoja siku ya mshahara huku mwenye duka anamtazama kwa jicho kali hahitaji digrii ya kuelewa habari hii.

Kwanza tuseme kazi yenyewe ni nini, maana wengi wetu tulidhani ni kazi ya kuimba au kusoma habari katika redio. Siyo hiyo. Mwimbaji huimba, mwigizaji huigiza, mwandishi huandika. Lakini kuna mtu anayetafuta ukumbi na kuandika siku yake katika daftari ili wawili wasiukodi kwa saa moja. Ndiye anayepanga bei ya tiketi, anayefanya mapatano na bendi, anayekodi vipaza sauti, anayetafuta leseni, anayeandika barua za kuomba fedha kwa wafadhili, na mwisho anayefanya hesabu ya kila shilingi iliyoingia na iliyotoka. Katika kampuni ya filamu yuko, katika redio yuko, katika jumba la makumbusho yuko, na kwa wachapa vitabu yuko. Sisi wa reli tunaweza kumfahamu upesi. Abiria huliona gari la moshi, hamwoni mtu wa kutoa njia. Lakini asipotoa njia, gari halitoki stesheni.

Basi kazi hiyo si mchezo, wala si kazi ya mtu asiyejua kitu. Hapo ndipo swali la mwenzetu linapokuwa zito.

Tulikwenda kumwona binti huyo nyumbani kwao siku ya Jumapili, tukaomba atuonyeshe hesabu yake. Akaitoa, imeandikwa vizuri, maana ndiyo kazi yake. Ofisi aliyoingia, ambayo hatutaitaja, inampa posho ya sh. 6,000 kwa mwezi. Anakwenda kazini siku 22. Nauli ya kwenda na kurudi ni sh. 200 kwa siku, yaani sh. 4,400 kwa mwezi. Chakula cha mchana, cha bei ya chini kabisa, ni sh. 100, yaani sh. 2,200. Ukijumlisha unapata sh. 6,600. Toa posho, yabaki pengo la sh. 600 kila mwezi. Amefanya hivyo miezi 8. Hii ndiyo kusema kwamba mwenzetu wa karakana, kutoka katika mshahara wake wa reli, ametoa sh. 4,800 ili binti yake apate ruhusa ya kumfanyia mtu mwingine kazi. Na hapo hatujahesabu viatu, wala fedha za simu, wala chumba na chakula cha jioni anachopewa na mama yake.

Tulipomwuliza kwa nini asiondoke, alijibu kwa adabu: "Wazee wangu, wakisikia nimeondoka, wako wengine mia wanaongoja mlangoni. Na kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka miwili. Uzoefu huo nitaupata wapi?" Tukanyamaza, maana hatukuwa na jibu.

Tulikwenda kwa vijana wengine sita wa masomo hayo hayo, watoto wa wanachama na majirani zao. Wawili walikuwa na kazi ya mwezi kwa mwezi yenye mshahara unaotosha kodi ya chumba. Mmoja alikuwa analipwa kwa kila shughuli: mwezi wenye tamasha anakula, mwezi usio na tamasha anakopa. Watatu walikuwa wanagenzi kama binti yetu, na mmoja wao hapewi hata nauli. Hatusemi kwamba vijana sita ni nchi nzima. Tunasema tuliyoyaona.

Sasa tutazame sababu, maana kulaumu bila kujua sababu ni kupiga kelele tu. Tumeziona nne.

Sababu ya kwanza ni kwamba ofisi nyingi za sanaa ni ndogo, na fedha zake ni za msimu. Mfadhili hutoa fedha za shughuli moja, labda za mwaka mmoja. Fedha hizo huandikiwa jukwaa, taa, wasanii na mabango. Mtu wa kuyapanga hayo yote mara nyingi haandikiwi kitu, au huandikiwa kilichobaki. Mwajiri mwingine si mwovu. Naye anangoja barua ya mfadhili kama sisi tungojavyo siku ya mshahara. Lakini njaa ya mwajiri haishibishi mfanya kazi.

Ya pili, vijana wanaipenda kazi hiyo, na mapenzi yao hutozwa ushuru. Huambiwa, "Una bahati, wewe unafanya unachokipenda." Fundi wetu anaipenda injini yake pia, hata huipapasa kama ng'ombe wake. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwa sababu hiyo akale mapenzi.

Ya tatu ni neno "uzoefu". Wanalipwa uzoefu. Ndugu, uzoefu ni kitu chema, nasi tunao. Lakini mwenye nyumba haupokei. Tena jambo hili lina ubaya uliojificha. Kijana ambaye baba yake ana nyumba mjini anaweza kufanya kazi ya bure mwaka mzima. Mtoto wa kibarua hawezi miezi miwili. Mwisho wa mwaka yule wa kwanza ana uzoefu, wa pili hana, na kazi nzuri inakwenda kwa wa kwanza. Halafu watu husema kwamba watoto wa maskini hawana moyo wa sanaa. Moyo wanao. Hawana nauli.

Sababu ya nne, ambayo sisi twaiona ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba hakuna ngazi ya mshahara inayojulikana. Kila mtu huingia peke yake katika chumba cha mwajiri, huulizwa, "Wataka kiasi gani?" au "Ulikuwa unapata kiasi gani?", na hutoka na kile alichopewa. Hajui jirani yake wa meza anapata nini, na pengine ameambiwa kwamba kusema mshahara ni utovu wa adabu. Hapo ndipo mshahara wa kwanza unapokuwa mbegu ya mshahara wa pili. Aliyeanza na sh. 6,000 akipewa sh. 12,000 huambiwa ameongezwa mara mbili, naye hushukuru.

Sisi wa reli tulilelewa kwa njia nyingine. Chuo cha mafunzo ya reli hapa Nairobi kilianzishwa mwaka 1956, na wazee wetu waliopita katika mafunzo na karakana wametusimulia. Mwanafunzi wa ufundi alipata fedha ndogo, hakuna anayekana. Lakini ilikuwa imeandikwa. Alijua atajifunza kwa muda gani, nani fundi wake, na akimaliza anaingia ngazi gani. Ule udogo wa fedha ulikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulikuwa na tarehe. Binti wa mwenzetu hana tarehe. Kila akiuliza huambiwa, "Tutaona."

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Binti huyu alipewa jembe tangu siku ya kwanza. Lakini ikifika siku ya kulipa, anaambiwa kwamba bado ni mgeni.

Mwenzetu mmoja alituuliza kama labda kosa ni la masomo yenyewe, na kama si afadhali tuwakataze watoto. Tulisoma juu ya hilo. Katika Uingereza taasisi iitwayo Institute for Fiscal Studies ilitazama mapato ya watu wenye digrii kwa maisha yao yote, ikatoa taarifa mwezi wa Februari 2020. Iliona kwamba wanaume waliosoma sanaa za ubunifu, kwa wastani, hawakupata faida ya fedha kuliko kama wasingekwenda Chuo Kikuu, wakati waliosoma sheria, uchumi au udaktari walipata faida kubwa. Basi jambo hili si la Kenya peke yake, na mzazi anayelipa ada yafaa alijue kabla ya kulipa. Hata hivyo hatusemi watoto wakatazwe. Watu hawaachi kutazama filamu, kusikiliza redio, wala kwenda tamasha. Fedha zinaingia. Swali ni zinaishia kwa nani.

Tutawapa mfano. Mwaka 2010 Marekani ilitoka filamu iitwayo Black Swan. Kuitengeneza kuligharimu dola kama milioni 13, na katika nchi zote iliingiza zaidi ya dola milioni 300. Katika ofisi za filamu hiyo mjini New York walikuwamo vijana waliofanya kazi bila mshahara. Mmoja wao, Eric Glatt, aliwekwa katika ofisi ya hesabu. Alikuwa na digrii ya pili ya biashara. Kazi yake ilikuwa kunakili karatasi, kuzipanga katika mafaili, na kufuatilia hati za manunuzi. Mwenzake, Alexander Footman, alitumwa kahawa na chakula, na kutoa takataka. Mwaka 2011 wawili hao waliishitaki kampuni ya Fox Searchlight. Mwaka 2013 jaji aliamua kwamba walikuwa wafanya kazi na walistahili mshahara. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ikaifuta hukumu hiyo, ikaweka kipimo kingine: itazamwe ni nani anayefaidika zaidi, mwanagenzi au mwajiri. Mwaka 2016 wakapatana.

Kesi nyingine zilifuata. Kampuni ya magazeti ya Condé Nast mwaka 2014 ilikubali kutoa dola milioni 5.8 kwa wanagenzi wake wa zamani, karibu watu 7,500. Ukisikia mamilioni unafurahi. Ukigawa, kila mmoja alikuwa apate kati ya dola 700 na dola 1,900. Tena kabla ya hapo, mwaka 2013, kampuni hiyo ilikuwa imeifunga kabisa nafasi ya wanagenzi.

Hapa pana fundisho. Mahakama ni kitu kizuri, lakini mahakama huamua juu ya jana. Haimwekei kijana wa kesho ngazi ya mshahara. Ngazi hiyo huwekwa na mapatano, na mapatano yanataka chama.

Sasa sikilizeni mfano wa pili. Mwezi wa Mei 2019 wafanya kazi wa majumba ya makumbusho Marekani walifanya jambo jepesi sana. Walifungua orodha katika intaneti, kila mtu akaandika kazi yake, mahali pake na mshahara wake, bila jina. Maelfu waliandika. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona jirani yake wa meza anapata nini. Mmoja wa walioianzisha alikuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia. Mwaka uliofuata, 2020, wafanya kazi wa jumba hilo walipiga kura ya kuwa na chama, na asilimia 89 ya waliopiga kura walikubali. Mazungumzo yalikwenda miaka miwili bila mapatano. Tarehe 26 Septemba 2022 waliweka kazi chini, wakakaa nje siku 19. Waliporudi walikuwa na mapatano ya kwanza ya maisha yao, na mshahara wa chini kwa saa ulipanda kutoka dola 15 mpaka dola 16.75. Si utajiri. Lakini umeandikwa.

Na mfano wa tatu. Wachapaji wa vitabu HarperCollins wa New York walikuwa ndio peke yao, katika kampuni tano kubwa za vitabu Marekani, wenye chama. Wafanya kazi kama 250, wengi wao vijana, wa kuhariri, kutangaza na kuuza vitabu, waligoma tangu tarehe 10 Novemba 2022 mpaka Februari 2023, wakati wa baridi kali. Mshahara wa chini wa kuanzia ulikuwa dola 45,000 kwa mwaka. Waliosoma hesabu wasidhani hizo ni nyingi: mjini New York kodi ya chumba humeza sehemu kubwa sana ya fedha hizo. Mapatano yaliweka mshahara wa chini dola 47,500, upande mpaka dola 50,000 ifikapo Januari 2025. Angalieni tofauti. Hapa hakuna kijana aliyeulizwa peke yake chumbani, "Wataka kiasi gani?" Kiasi kiliwekwa mezani kabla yeye hajafika.

Mtu atasema, hayo ni ya Marekani. Basi turudi nyumbani. Mwaka 2024 madaktari wanagenzi wa Kenya waliambiwa watapewa sh. 70,000 kwa mwezi, ingawa mapatano ya mwaka 2017 yalisema zaidi ya sh. 206,000. Madaktari waligoma tangu katikati ya Machi mpaka mwanzo wa Mei, siku 56, na mwisho wa mwaka huo Serikali ikakubali kiasi cha mapatano. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, mahakama ya kazi iliamua kwamba kuwatumia walimu wanagenzi katika sekondari ya chini, kwa posho ya karibu sh. 17,000 mkononi, wakati wanafundisha kama mwalimu mwingine yeyote, kulivunja haki yao. Daktari mwanagenzi ana chama. Mwalimu mwanagenzi ana chama cha kumsemea. Mwandishi wa habari anacho chama cha waandishi. Binti wa mwenzetu, mwenye kupanga tamasha na kuandika hesabu ya filamu, anacho nani? Tulimwuliza. Akasema, "Ninyi ndio watu wa kwanza kuniuliza."

Wazee wa Mombasa wangelifahamu jambo hili. Mwezi wa Januari 1947 watu wa bandari, wa reli na wengineo walipoweka kazi chini pamoja, wengi wao walikuwa wakiitwa vibarua, watu wa siku moja, hata kama wamefanya kazi hiyo miaka. Jina la kibarua lilikuwa njia ya kulipa kidogo. Leo jina limekuwa mwanagenzi. Jina jipya, mfuko ule ule.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tunafika mahali pagumu, nasi twaomba wanachama watusikilize bila hasira.

Mwezi wa Desemba tawi letu lilifanya sherehe ya mwisho wa mwaka. Wote mlikuwapo, na wote mlisema haijapata kuwa nzuri namna ile. Ni nani aliyetafuta ukumbi? Ni nani aliyepatana na bendi, akakodi vipaza sauti, akatengeneza bango, akapanga saa ya hotuba na saa ya kucheza, akasimama mlangoni na daftari? Ni binti huyu huyu. Alifanya kazi siku 9, nyingine usiku baada ya kutoka ofisini kwake. Bendi tuliilipa. Mwenye viti tulimlipa. Mpishi tulimlipa. Fundi wa umeme tulimlipa sh. 1,500 kwa siku. Yeye tulimpa sahani ya pilau na makofi. Na katika mkutano wa hesabu, sisi wenyewe tulisema kwa furaha kwamba tumeokoa fedha. Mmoja wetu sisi watatu ndiye aliyesema hivyo.

Hatukutaka kumdhulumu. Tulimwona ni mtoto wetu anatusaidia. Lakini mwajiri wake naye husema vivyo hivyo, kwamba wao ni jamaa moja ofisini. Shuleni misheni tulifundishwa kwamba ujira wa kibarua si wa kulala mfukoni mwa bwana wake. Huu umelala tangu Desemba.

Kwa hiyo tunaleta hoja nne.

Hoja ya kwanza: tawi limlipe binti huyo siku zake 9 kwa kiasi kile kile cha fundi wa umeme, yaani sh. 13,500, na apewe hati ya malipo iliyotiwa sahihi, ili aweze kuionyesha mahali pengine kwamba kazi yake ina bei.

Hoja ya pili: tangu leo, mtu yeyote atakayelifanyia tawi hili kazi ya bango, picha, muziki au kupanga shughuli, awe mtoto wa mwanachama au mgeni, apatane nasi bei kabla ya kuanza.

Hoja ya tatu: katibu awape wazazi na vijana maneno machache ya sheria, nasi twayaweka hapa ili yasipotee. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki na ya kuingia katika chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mtu anayelipwa ujira akiwa anajifunza kazi naye ni mfanya kazi. Yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mapatano yaliyoandikwa, na ni juu ya mwajiri kuyaandika. Muda wa kujaribiwa usipite miezi sita, ila mfanya kazi akikubali kuongezwa, na nyongeza hiyo nayo isizidi miezi sita. Na mkifika mahakamani, kama mwajiri hana karatasi ya mapatano, ni juu yake kuonyesha kwamba anayodai mfanya kazi siyo, si juu ya mfanya kazi. Basi kijana akienda kwa kazi ya kwanza aulize kwa adabu mambo matano: nitalipwa kiasi gani, lini, kwa muda gani, nani atanifundisha, na muda ukiisha naingia ngazi gani. Akijibiwa "tutaona" katika yote matano, ajue hiyo si kazi, ni msaada anaotoa.

Tena vijana waweke hesabu kama alivyoweka binti huyu. Mkopo wa HELB huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo. Deni lina tarehe, hata kama mshahara hauna.

Hoja ya nne: chama chetu kiwape vijana hao chumba cha mikutano siku moja kila mwezi, bila malipo, wakutane wao wenyewe wa redio, wa filamu, wa kumbi na wa vitabu, waandike mishahara yao katika orodha moja bila majina, kama walivyofanya wale wa makumbusho. Hatutaki kuwaongoza. Hatujui kazi yao. Lakini twajua namna ya kuanza chama: watu huanza kwa kuambiana mshahara.

Ndugu wanachama, mwenzetu aliuliza kwa nini bado anamlipia binti yake nauli. Jibu ni hili. Anailipa kwa sababu mwajiri haipi, na mwajiri haipi kwa sababu mpaka leo hakuna aliyesimama pamoja na binti huyo kumwambia aitoe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Yeye ni kidole kimoja. Sisi twaweza kuanza kwa kuacha kuwa upande wa chawa.

Tumemaliza. 

(Hoja ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikubaliwa kwa kura nyingi. Hoja ya nne imepelekwa kwa kamati kwa sababu ya ufunguo wa chumba, na italetwa tena katika mkutano ujao. Mweka hazina amelipa sh. 13,500 na hati imetiwa sahihi.)